Halua Ndani ya Mkono wa Baibui

Nianze na aibu yenyewe ili mcheke mara moja tumalize: mimi Zuhura, mpika halua na kashata wa Buyenzi kwa miaka ishirini na kitu, mwanamke ambaye harusi nyingi za mtaa huu zimeliwa kutoka kwenye masinia yangu, nilikaa mchana kweupe mbele ya wageni wa posa huku chokoleti imenienea usoni kuanzia kipaji mpaka kidevu, halua ya watu inaning'inia kwenye kiwiko changu, na mama wa kijana aliyekuja kuposa ananiuliza mbele ya wote kama mimi ni mwizi. Chekeni. Mimi mwenyewe nimeshacheka sana, na nilipomaliza kucheka nikakuta hasira bado ipo, kwa hiyo nawasimulia pamoja na hasira yangu humo humo.

Mambo yalianzia kwenye figo. Nilikuwa na presha miaka mingi, dawa nikizimeza siku kichwa kikiuma tu (najua, msinitazame hivyo), presha nayo ikakaa kimya ikifanya kazi yake ndani kwa ndani, mpaka mwaka juzi daktari akaniambia figo zangu zimechoka. Hazijafa, alisema, zimechoka, na tukizitunza zitanifikisha mbali. Akanipeleka kwa binti wa lishe, mdogo, miwani yake mikubwa kuliko uso, naye akanipa karatasi. Mimi nilitegemea kukatazwa chumvi, na chumvi nilikuwa nimeshaiaga njiani. Kumbe karatasi ile imenikataza duka langu zima: nazi, karanga, korosho, lozi, tende, ndizi, maziwa, chokoleti. Nilivyoisoma niliona kama mtu amechukua orodha ninayoenda nayo sokoni akaipiga mstari kitu kimoja kimoja.

"Sasa binti yangu, mi nitakula nini? Majani ya mbuzi?"

Hakucheka hata kidogo. Alisukuma miwani juu akasema, "Mama, tamu haukatazwe. Sukari yako ya damu iko muzuri. Umekatazwa ile iko na potasiamu na fosfori mingi, sababu figo zako hazina tena nguvu ya kuzitoa. Hii iache, utafute ingine."

Utafute ingine. Nilirudi nyumbani nimenuna siku tatu, ya nne nikaingia jikoni kutafuta. Nikakumbuka vileja vya bibi yangu, vya unga wa mchele, nikaanza kuvipunguza: kiini cha yai nikakitoa, maziwa nikayatoa, ile pauda ya kuumulia nayo nikaitoa kwa sababu binti alisema ina fosfori yake ya kujificha, siagi nikaweka isiyo na chumvi, nikabaki na unga, sukari, siagi, iliki na maji ya waridi. Vya kwanza vilitoka kokoto. Jirani yangu Mama Furaha, mtu wa Uvira tunayekaanga naye mandazi asubuhi, aligonga kimoja kwenye karai kikalia kama kengele ya shule. Vya wiki ya pili vilikuwa vumbi. Wiki ya tatu vikakaa, vikavunjika ulimini bila kubishana na meno, na juu ya kila kimoja nikaweka kipande kidogo cha nanasi nilichokipika kwa sukari na mdalasini. Nilipokula cha kwanza na chai ya rangi nililia, wala sioni haya kusema. Mtu aliyeishi kwa utamu maisha yake yote akiambiwa basi, halafu akakuta bado kuna mlango mmoja wazi, hulia. (Hiyo karatasi ni yangu lakini, ya figo zangu mimi. Wewe kaulize kwa daktari wako, usije ukasema Zuhura alisema.)

Waliojua ni wawili tu, Mama Furaha na Salma. Salma ni binti wa kaka yangu Hamisi. Mama yake alifariki mtoto ana miaka minne, nikamchukua nikamlea mimi, na leo ni mwalimu, ananizidi urefu, anafokea watoto darasani kwa sauti yangu mwenyewe. Wengine sikuwaambia, maana mtaani kwetu ukitaja figo watu wanaanza kukupima sanda kwa macho, na isitoshe nani atanunua kashata kwa mpishi ambaye mwenyewe hazigusi. Ila sababu kubwa ilikuja baadaye, na sababu hiyo ilishuka kutoka Kiriri.

Salma alipendana na kijana anaitwa Nassoro, msimamizi wa bohari moja huko upande wa bandarini, kijana mpole, lakini kwao ni Kiriri, kule mlimani, nyumba za ukuta mrefu na maua yanayomwagiliwa na bomba. Mama yake, Madamu Aziza, alishuka siku moja kutuona kabla ya posa. Alikunywa chai, akasifu kikombe, halafu akauliza kwa upole ule wa watu wanaotaka kujua kweli, "Na ku ukoo yenu, magonjwa ya kurizi hakuna? Siye tunaulizaka tu."

Hamisi alikuwa bado anafungua mdomo. Mimi nikamtangulia.

"Apana, Madamu. Siye tuko batu ya afya tu."

Hapo ndipo nilipojichimbia. Neno moja, nalo halikuwa hata kubwa. Ningesema tu kwamba nina figo zilizochoka kwa sababu ya presha niliyoidharau, labda angenuna, labda angeuliza maswali kumi, lakini tungekuwa tumemaliza. Mimi nikaona Salma ataachwa kwa ajili ya figo zangu, roho ikaniruka, nikasema apana.

Sasa mjue desturi ya ukoo wetu. Kwetu posa haikubaliwi kwa maneno. Wageni wanaleta sinia la tamu, na shangazi wa binti ndiye anayelifungua: kijana anachukua kipande anamwekea shangazi kwenye kiganja cha kulia, shangazi anakila mbele ya watu, inasomwa dua, imekwisha, binti ameshaposwa. Shangazi akikirudisha, au kikabaki mkononi, maana yake tumekataa, na wageni wananyanyuka na sinia lao. Bibi yangu aliwahi kurudisha kashata moja enzi zake na ukoo ule hadi leo tunasalimiana kwa kidevu. Na mimi, mpika tamu mzima, mnadhani Madamu Aziza angeniletea nini kwenye sinia? Kila kitu kilichoko kwenye karatasi yangu, tena kwa fahari.

"Figo haukuiba, dada," Mama Furaha aliniambia tukikaanga. "Sema tu."

Nikamwambia ageuze mandazi yake yanaungua. Nilikuwa na mpango. Nilishona mfuko mdogo wa kitambaa ndani ya mkono wa kulia wa baibui langu jeusi la shughuli (mifuko ya plastiki ni marufuku siku hizi). Mkono wa kushoto nitakunja leso yenye vileja vyangu viwili. Nikipewa tamu yao nitainua mtandio kuziba mdomo, kama wanawake wenye adabu tulavyo mbele za watu, kileja kitaingia mdomoni, tamu yao itaingia mfukoni, nitatafuna, watafurahi. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo siku nne. Salma alinikuta mara moja nikijilisha hewa, akaniuliza kama ni dawa mpya, nikamwambia ndiyo.

Siku ikafika, Jumapili baada ya adhuhuri, joto lile la Buyenzi ambalo bati linalia peke yake. Tumefunga turubai uani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, Salma yuko chumbani kama inavyotakiwa, hatoki mpaka aitwe. Magari ya Kiriri yakaingia kichochoroni kwa shida, milango ikishindwa kufunguka kwa ukuta. Sinia likatangulia, limefunikwa kitambaa cha kufuma, likawekwa mbele yangu na kufunuliwa: halua ya korosho, tende zilizotiwa lozi, kashata za nazi, na katikati chokoleti za Ubelgiji kila moja kwenye kikaratasi chake cha dhahabu. Nilimkumbuka binti wa lishe na miwani yake. Angekuwepo angelikalia lile sinia.

Nassoro akapiga magoti, akaniwekea kipande cha halua kiganjani. Nikainua mtandio. Kileja mdomoni, halua mfukoni, safi kabisa, wanawake wakapiga vigelegele. Ningeishia hapo leo nisingekuwa na la kuwasimulia.

"Apana moja, Shangazi," Madamu Aziza akasema, anatabasamu, meno yote. "Kwetu ni tatu."

Tende. Mtandio juu, kileja cha pili mdomoni, tende mfukoni, ila halua ilikuwa imeshaanza kulainika kwa joto la mkono wangu na mfuko umebana, tende ikaingia nusu. Halafu chokoleti, imeshavuliwa kikaratasi chake. Sikuwa tena na kileja. Nikainua mtandio nikatafuna hewa, kwa bidii, huku naisukuma chokoleti kwenye mfuko usiotaka mgeni mwingine, na nikahisi inasagika kiganjani kama udongo wa mvua. Nikafunga ngumi, ngumi nikaiweka pajani. Nikatabasamu.

Mngefikiri Mungu angeniachia hapo. Madamu Aziza akaniinamia. "We njo fundi wa mji. Halua yangu unaionaje? Nilipika mi mwenyewe."

Nami, nikiwa bado na ladha ya vileja vyangu mdomoni, nikajibu kwa madaha ya fundi, "Iliki imekaa mahali yake, Madamu. Watu wengi wanazidishaka."

Tabasamu lake likarudi nyumbani taratibu. "Sikuweka iliki."

Mtu mwenye akili angesema samahani. Mimi niliyezoea kubishana na wauza sukari nikasema, "Basi ni zafarani yenu iko na harufu ya iliki." Akasema zafarani anaijua tangu hajazaliwa Nassoro. Nikasema hata mimi. Mawifi zake wakaanza kuangaliana, na mzee mmoja wao, baba mkubwa wa Nassoro, mtu wa maneno machache aliyekaa kwenye kiti cha mbele, alipoona wanawake wanakaribia kupandishiana sauti, akaokoa shughuli kwa njia anayoijua yeye. Akasema kwa sauti, "Al-Fatiha."

Watu wote mikono juu. Utafanyaje, unaweza kukataa Fatiha? Niliinua yangu, viganja vikinitazama mimi tu, cha kulia kimepakwa chokoleti mpaka kwenye kucha, nikawaza kwamba dua ni ndefu, nitakifuta polepole kwenye baibui, nyeusi haionyeshi. Na dua ilikuwa nzuri, walahi, mzee alimwombea Salma wangu maisha mema na watoto na subira, machozi yakanilenga, nikasahau mkono wangu. Akasema Amin. Na mimi, kwa mazoea ya miaka hamsini, nikapitisha viganja vyote viwili usoni.

Nilijua kwa harufu. Nilifungua macho nikaona mtoto wa dada yake Madamu ameniangalia mdomo wazi, halafu mama yake, halafu mkeka mzima. Kwa kuinua mikono ule mfuko ulikuwa umegeuka, na nilipoishusha tende ikatoka, ikadunda kwenye mkeka, ikabingirika ikasimama mbele ya goti la Madamu Aziza. Halua ikaifuata, ila yenyewe haikufika chini, ikanata kwenye kiwiko ikaning'inia.

Madamu Aziza akaitazama tende, halafu kiwiko changu.

"Shangazi," Madamu Aziza akasema, "we unaiba ao unatukataa?"

Kaka yangu Hamisi alikuwa ameshasimama, uso umemwiva. "Zuhura, iko nini hii?" Wanaume wa Kiriri nao wakaanza kusimama mmoja mmoja, kwa sababu hata kama sijaiba, tamu haijaliwa, na tamu isipoliwa hakuna posa. Nilimwona Nassoro bado amepiga magoti, anamtafuta mama yake kwa macho, na nikaelewa kwamba nimefanya kwa mikono yangu kile kile nilichokuwa nakikimbia. Moyo uliniuma jamani, sitawadanganya. Uliuma, halafu ukachoka kuuma, ukaja ukaidi.

Sikujifuta. Nilisema hivyo hivyo na chokoleti yangu usoni.

"Mi sikuibe, na sikumukatae mutoto wenu. Mi niko mugonjwa wa figo. Hizi kitu zote mumeleta ni muzuri na dokteri alinikataza yote, hata moja haikubaki. Siwezi kula halua yenu, Madamu, wala kesho, wala ku Idi. Njo ukweli."

"Nilikuuliza," akasema, pole pole. "Nilikaa hapa, nikakunywa chai yako, nikauliza. Ukasema apana."

Hapo alinipata, na nikamwambia. "Umenipata. Nilidanganya, na kwa hiyo naomba musamaha mbele ya batu. Lakini kwa figo siombi musamaha. Ni presha ilizichosha, na mi mwenyewe nilikuwa naacha dawa, si laana na si kitu ya kufichia mutu sura. Mukitaka kumuacha Salma, mumuache sababu shangazi yake ni muongo. Musimuache sababu shangazi yake anakojoa kwa shida."

(Hilo la mwisho Hamisi ananidai mpaka leo.)

Pazia la chumba likafunguka na Salma akatoka. Hakuitwa. Alitoka kichwa wazi nusu, ana bakuli la maji na kitambaa, akapita katikati ya wageni wake wa posa kama anapita kati ya madawati, akapiga magoti, akaanza kunifuta uso. Alianzia kwenye kipaji.

"Huyu njo mama yangu," akasema bila kugeuka. "Mi najua figo zake tangu mwanzo, na Nassoro nilimwambia. Kama zinawatisha, gari zenu ziko mulangoni."

Watu wote wakamgeukia Nassoro. Akainamisha kichwa. "Alinambia, mama. Tangu mwezi wa kwanza wa kujuana."

Kwa hiyo mimi niliyefanya mazoezi ya wizi siku nne mbele ya kioo nilikuwa namficha mtu anayejua. Ningeweza kuwapiga wote wawili na kile kitambaa.

Yule mzee, baba mkubwa, ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa ameiokota tende kutoka kwenye mkeka anaitazama. "Ile kitu ulikula nyuma ya mutandio, ulipika na nini?"

"Vileja, mzee. Unga ya muchele, iliki na sukari."

"Iko na sukari?"

"Iko."

"Basi ni tamu. Desturi yenu inasema shangazi akule tamu kutoka ku sinia ya wageni. Lete, tuweke ku sinia."

Mama Furaha alikuwa ameshafika na kopo langu kabla hajamaliza (baadaye alikiri alilileta mapema na kulificha nyuma ya jiko, maana mpango wangu hakuuamini hata siku moja). Vileja vikapangwa katikati ya dhahabu za Ubelgiji, vidogo, vyeupe, vina nanasi lao juu. Nassoro akachukua kimoja akaniwekea kiganjani. Mtandio niliushusha mpaka shingoni, nikala nikiwatazama wote machoni, mmoja mmoja, na Madamu Aziza nikamtazama mwisho. Nikameza. Nikafungua mdomo waone hakuna kitu. Fatiha ikasomwa mara ya pili, na safari hii nilikagua viganja kwanza.

Madamu Aziza hakupiga kigelegele, hakula kileja, akaondoka ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Huko mtaani nikapewa jina, Shangazi Chokoleti, na wiki nzima watoto wa shule walikuwa wanajipaka mkono usoni nikipita. Niliwaacha. Nilibandika karatasi ya binti wa lishe kwenye ukuta wa duka langu, pembeni ya bei, na vileja nikaviweka kwenye chupa ya mbele, na mngeshangaa ni wangapi wanaokuja wanasimama wanaisoma, wanajifanya wanatafuta kashata, halafu wanaomba vileja kwa sauti ndogo. Nawauliza kwa sauti kubwa wanataka vingapi.

Kwa hiyo nimeapa: mdomo wangu sitaufunika tena kwa ajili ya ugonjwa. Naenda kwenye shughuli na kopo langu nimelibeba wazi, ninalifungua mbele ya mwenye nyumba, na anayetaka kupima sanda aje na futi kabisa.

Kwenye harusi yenyewe sinia la Kiriri lilikuja tena, na Madamu Aziza alilibeba mwenyewe. Pembeni ya halua kulikuwa na kisahani, juu yake vileja sita, vimepinda, vimeungua kidogo ukingoni. Hakuwa ameniomba nimfundishe, hakuwa amemuuliza hata Salma. Alinisogezea. Nilichukua kimoja nikakiuma, na sauti ilisikika mpaka kwenye viti vya wanaume.

"Hakuna iliki," nikasema.

"Sikuweka," akasema. "Na hautaniambia iko."

Nikatafuna mpaka kikaisha. Nikachukua cha pili.